Kata ipi iko hoi zaidi? Maswali ya wanaopima hali duni ya maeneo

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria, na karibu zote zinagusa jambo moja: kata na vijiji vikipangwa kwa kiwango cha hali duni, orodha hiyo itengenezwe vipi ili isimwonee mtu? Hizi ndizo tulizozichagua.

Tuko ofisi ya mipango ya halmashauri moja kando ya ziwa. Tumeagizwa kuzipanga kata zote ili fedha za mapato ya ndani zianzie kunakohitaji zaidi. Tunazo takwimu za sensa, za shule na za zahanati. Tuanze wapi, na hesabu yenyewe ifanyweje?

Anzeni na fedha yenyewe. Kama ni ya visima na vyoo tu, orodha yenye viashiria kumi na viwili itawapoteza njia. Pimeni maji na vyoo mmalize. Kama ni ya mambo mengi, chagueni viashiria 8 hadi 12 kutoka nyanja tatu au nne kati ya hizi: elimu, afya, maji na usafi, makazi, na hali ya kufikika. Mkizidisha hapo mtakuwa mnahesabu kitu kilekile mara mbili. Nyumba isiyo na umeme mara nyingi ndiyo hiyohiyo isiyo na runinga wala friji, na mkiviweka vyote vitatu, umeme umepewa kura tatu bila ninyi kujua.

Kila kiashiria kiandikeni kwa upande wa upungufu: asilimia ya kaya zisizo na kitu fulani. Kosa tunalolikuta mara nyingi kwenye majedwali ni safu moja kugeuka, ambapo safu ya "kaya zenye choo bora" inakaa katikati ya safu za "kaya zisizo na". Kompyuta haitalalamika. Itajumlisha tu, na kata yenye vyoo vizuri itaonekana hoi.

Wekeni mipaka ya kila kiashiria kwa maandishi kabla ya kugusa namba. Kwa maji, Sera ya Maji ya 2002 ilitoa kipimo: chanzo kiwe ndani ya mita 400, kituo kimoja cha kuchotea kihudumie watu 250, na kila mtu apate lita 25 kwa siku. Kwa hiyo kiashiria chenu kiwe "kaya zilizo zaidi ya mita 400 kutoka chanzo salama kinachotoa maji". Maneno mawili hapo yana kazi kubwa. "Salama", kwa sababu kaya iliyo hatua thelathini kutoka ufukweni ina ziwa zima mbele yake na bado haina maji ya kunywa. "Kinachotoa", kwa sababu pampu iliyokufa mwaka juzi bado imo kwenye orodha za vituo.

Sasa hesabu. Chukueni kata tatu za kubuni. Kwa maji, kaya zenye upungufu ni asilimia 72 kata A, 31 kata B na 12 kata C. Kwa choo ni 40, 65 na 50. Kwa kuishi mbali na zahanati zaidi ya kilomita 5 ni 55, 5 na 15. Kila safu ipelekwe kwenye mizani ya 0 hadi 100: thamani ya kata, toa iliyo ndogo kabisa, gawa kwa tofauti ya kubwa na ndogo, zidisha kwa 100. Maji ya kata B yatakuwa (31 − 12) ÷ (72 − 12) × 100, yaani 31.7. Mkimaliza, A ina 100, 0 na 100. B ina 31.7, 100 na 0; C ina 0, 40 na 20. Wastani wa kawaida unaipa A alama 66.7, B 43.9 na C 20.

Njia hii ina matatizo mawili. La kwanza ni kata moja iliyopitiliza, mfano ya kisiwa kilicho peke yake: inakaa kwenye 100 na kuzisukuma nyingine zote chini hadi zifanane. La pili ni kinyume chake. Tuseme kiashiria ni kukosa simu, na kata zote ziko kati ya asilimia 8 na 12. Fomula itaitanua tofauti hiyo ya pointi nne mpaka ionekane kama mbingu na ardhi. Kiashiria kisichotenganisha kata kitupeni, hata kama kina heshima kwenye ripoti za kimataifa.

Kuhusu uzito wa kila kiashiria katika jumla, hakuna namba iliyoshuka kutoka mbinguni. Kipimo cha kimataifa cha umaskini wa nyanja nyingi, kilichoanza kutumika 2010, kinagawa sawa: theluthi moja afya, theluthi elimu, theluthi hali ya maisha. Uingereza, katika fahirisi yao ya hali duni ya maeneo ya 2019, walitoa asilimia 22.5 kwa kipato na 22.5 kwa ajira, 13.5 kwa elimu na 13.5 kwa afya, kisha 9.3 kwa kila moja ya nyanja tatu zilizobaki. Ninyi jaribuni migawanyo mitatu tofauti ya uzito muone nini kinatokea. Katika mfano wetu, mkiipa choo asilimia 60, na maji na zahanati 20 kila kimoja, B inaruka hadi 66.3 na A inashuka hadi 40. Kata inayobaki juu kwa migawanyo yote mitatu haina ubishi. Inayopanda na kushuka iandikwe hivyo waziwazi kwenye taarifa kwa madiwani, maana wao watagundua tu.

Mimi ni mtendaji wa kata kisiwani. Kwenye mialo yetu, yaani sehemu za kushushia samaki, watu hujaa siku za giza na kupungua mbalamwezi ikitoka. Kwa takwimu zetu, shule ya msingi ina wanafunzi wengi kuliko watoto waliopo. Tunaonekana tumefaulu kupita kiasi!

Ndugu mtendaji, tatizo lako liko kwenye idadi ya kugawia. Sensa ilihesabu watu waliolala mahali usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022. Mwezi mpya wa Agosti hiyo uliangukia tarehe 27, kwa hiyo sensa iliingia kwenye siku za giza, wakati wavuvi wa dagaa wako kazini na kambi zimejaa. Ukigawa idadi ya vyoo kwa watu hao unapata picha mbaya. Ukihesabu mwenyewe wiki ya mbalamwezi unapata picha nzuri. Zote mbili ni za kweli, kila moja kwa wiki yake.

Fanya hesabu mbili za mwaloni, moja gizani na moja mbalamwezini, na uziandike kando kando. Daftari la BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, lina vyombo vilivyosajiliwa. Waulize wenye vyombo kila kimoja kinabeba watu wangapi, kisha ongeza wachuuzi, waanikaji na mama lishe, ambao husahaulika daima. Kwa choo na maji gawia idadi ya gizani, kwa sababu miundombinu lazima ibebe siku ya msongamano. Kipindupindu hakisubiri wastani. Kwa elimu usigawe uandikishaji wa shule kwa watoto wa kata hata kidogo, kwani watoto huvuka kutoka kata ya jirani. Uliza kwenye kaya: kila mtoto wa miaka 7 hadi 13 aliyelala hapa jana, je, wiki iliyopita alikwenda shule? Jibu la swali hilo haliwezi kuvuka asilimia mia.

Mimi ni diwani mjini Mwanza. Kata yangu imewekwa kundi la "nafuu" kwa sababu nyumba ni za bati na tofali na umeme upo. Wanaopanga hivyo hawajapanda milimani.

Mheshimiwa, una hoja, na kosa hapa ni la aina mbili.

Kwanza, viashiria vilivyotumika ni vya kutenganisha kijiji na mji. Bati, sakafu ya saruji na umeme vinaonyesha vizuri tofauti ya Kwimba na Nyamagana, lakini havionyeshi tofauti ya nyumba ya bondeni na nyumba iliyobandikwa kwenye jabali. Mlimani uduni una sura nyingine. Choo ndicho cha kwanza: mwamba hauchimbiki, shimo linaishia kina kifupi, linajaa upesi, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda. Mvua ikinyesha, kilichomo kinafuata mteremko hadi kwa jirani wa chini. Kwenye dodoso kaya hiyo "ina choo cha shimo". Ulizeni kina cha shimo, lilijaa lini na lilitolewaje, na kaya ngapi wanalitumia. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani na UNICEF, choo cha kuchangia kaya zaidi ya moja hakihesabiwi kuwa huduma ya msingi hata kikiwa kizuri.

Maji vivyo hivyo. Bomba lipo, msukumo haufiki. Badala ya "je, una bomba?" ulizeni "katika siku saba zilizopita, maji yalitoka siku ngapi?" na "ndoo ya lita 20 mlinunua kwa bei gani?" Ongezeni kiashiria kimoja cha kufikika: mita ngapi kutoka mlangoni hadi mahali bajaji au gari la wagonjwa linapoweza kusimama. Hicho kimoja kitaipanga mitaa yako upya.

Pili, wastani wa kata umezika mitaa. Kata yenye mitaa minne ya barabarani na miwili ya juu itatoka nafuu siku zote. Dai orodha ya mitaa. Na dai namba mbili kwa kila eneo, asilimia na idadi ya watu. Kata ya watu 40,000 yenye asilimia 25 katika hali duni ina watu 10,000 wanaotaabika. Ya watu 6,000 yenye asilimia 70 ina 4,200. Kwa huduma inayomfuata mtu mmoja mmoja, idadi ndiyo yenye uzito. Kwa barabara, gati au kivuko, asilimia.

Dodoso tulilopewa Kwimba linauliza redio, runinga, friji, pikipiki. Ng'ombe hawamo. Tuwaongeze?

Waongezeni, ila kwa viwango: hakuna, 1 hadi 5, zaidi ya 5. Orodha za mali zikipangwa na watu wa mjini, mfugaji mwenye ng'ombe thelathini na taa ya sola anaonekana fukara kuliko mpangaji wa chumba kimoja Mabatini mwenye runinga ya mkopo. Orodha ya mali ya kipimo kile cha kimataifa haina ng'ombe, ingawa mkokoteni wa kukokotwa na mnyama umo. Kwa visiwani, mtumbwi na injini viulizwe mbali mbali, na kwanza muulize ni vya nani, maana wavuvi wengi hupanda chombo cha tajiri.

Nasoma chuo hapa Nyegezi. Je, tusitumie tu mstari wa umaskini wa taifa?

Mstari wa utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini yake. Ni kipimo kizuri cha nchi, lakini sampuli yake haishuki hadi kata. Halafu hakioni kivuko: mchuuzi wa dagaa wa Ukerewe anaweza kuwa juu ya mstari na bado mke wake akajifungua bila mkunga kwa sababu ziwa lilichafuka.

Tunataka kulinganisha Mwanza ya sensa zilizopita na ya 2022.

Angalieni mipaka kabla ya namba. Mwaka 2002 Geita ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mwanza. Leo ni mkoa wake. Buchosa ilikatwa kutoka Sengerema baada ya sensa ya 2012. Shukeni hadi vijiji na mitaa, tengenezeni jedwali la "zamani kiliitwa, sasa kiko kata ipi", kisha mjumlishe kwa mipaka ya leo. Na msilinganishe nafasi, linganisheni asilimia. Kata inaweza kuchimba visima vitano na bado ikaporomoka kwenye orodha kwa sababu jirani zake walichimba kumi.

Kata yetu imeshika namba moja kwa hali duni. Je, kaya zote zitaingia TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini?

Hapana. Namba hiyo ni ya eneo. Kaya hupatikana kwa mkutano wa kijiji na dodoso la kaya, na kwenye kata namba moja wapo wenye mashine za kusaga, kama ambavyo kata ya mwisho ina wanaolala njaa.

Tutahoji kaya ngapi kwa kata, na tuzipateje?

Kaya 100 zilizochaguliwa vizuri zinakupa jibu lenye kuyumba takriban pointi 10 juu au chini. 400 zinakupa takriban 5. Kwa hiyo kwa kaya 100, kata yenye 48 na yenye 53 zimelingana, msizipange. Chukueni daftari la wakazi la kila kitongoji, mlihakiki na mwenyekiti, muipe kila kaya namba. Kama kaya ni 960 na mnataka 80, hatua ni 12: pigeni kura ya namba kati ya 1 na 12, mkipata 7 mwende ya 7, ya 19, ya 31, hadi mwisho. Karani asijichagulie nyumba za barabarani. Akikuta mlango umefungwa arudi mara mbili, mojawapo jioni, na asiibadilishe kwa nyumba ya jirani. Mwaloni, milango iliyofungwa asubuhi ni ya waliokesha ziwani na sasa wamelala au wako kwenye mauzo, na ukiwaacha hao umewaacha wavuvi wote.