Nilijisifu sili sukari, kumbe nailamba kwa jina lingine

Juzi dada mmoja kaniandikia inboksi: "Sukari nishaiacha kabisa, natumia asali na juisi ya kukamua mwenyewe, mbona kipimo kimepanda?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana huyo dada ni mimi mwenyewe wa miaka miwili iliyopita.

Jamani nilikuwa kero. Nikikaribishwa chai popote lazima niseme "mimi bila sukari" kwa sauti, ili na wa chumba cha pili asikie. Soda sigusi. Nikiona mtu anakoroga vijiko vitatu namuonea huruma kabisa. Afu asubuhi kwangu ilikuwa hivi: maji ya moto na limau na kijiko kikubwa cha asali, glasi ya juisi ya machungwa, na kikombe cha mtindi wa stroberi. Nikishamaliza najiona msafi ndani na nje.

Nikaenda kupima HbA1c, kile kipimo kinachosoma wastani wa sukari kwenye damu ya miezi 2 hadi 3 kwahiyo hukidanganyi kwa kujinyima siku mbili. Chini ya asilimia 5.7 ndo kawaida, 6.5 kwenda juu ni kisukari, mimi nikatoka na 6.1. Daktari akaniuliza nakunywa soda ngapi kwa siku. Nikamwambia sinywi. Akatabasamu vile unavyomtabasamia mtoto mwenye chokoleti mdomoni anayesema hajala. Lile tabasamu linaniuma mpaka leo.

Usiku nikaweka kisosa mezani nikaanza kuhesabu, gramu 4 ni kijiko kimoja cha chai. Kijiko kikubwa cha asali kina kama gramu 17, nikamwaga vijiko vinne vya sukari kwenye kisosa. Juisi glasi moja, vitano. Mtindi nikatoa ile sukari ya asili ya maziwa, bado vikabaki karibu vitatu. Kumi na viwili! Kilima cheupe kimekaa kinaniangalia. Na Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linasema sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula, yaani kama gramu 50 kwa mtu wa kalori 2,000, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Mimi saa tatu asubuhi nishamaliza ya siku nzima, na bado najisifu.

Miezi iliyofuata naruka, haina utamu. Nilichofanya ni kidogo tu: chungwa nikaanza kulila badala ya kulinywa. Machungwa matatu kwenye glasi yanaisha kwa dakika moja, ila jaribu kuyatafuna yote uone kama hutachoka njiani, na zile nyuzinyuzi ndo zinafanya sukari iingie taratibu. Tunda zima halimo kwenye hiyo hesabu ya gramu 50, kwahiyo acheni kuyaogopa matunda. Mtindi nanunua ule mtupu, nakatia ndizi. Asali ipo kabatini, naipa heshima ya sukari.

Na nyie mnaoamini maandishi ya mbele ya pakiti, "asilia", "haina sukari ya mezani", geuzeni nyuma! Someni safu ya gramu 100, sio ile ya "kwa huduma moja", yaani kiasi cha kula mara moja, wanayoipunguza wapendavyo. Ukiona glukosi, fruktosi, maltosi, dekstrosi, hao wote ni ndugu wa baba mmoja. Geuza pakiti, nasema tena, geuza. Ila kama tayari unameza dawa za kisukari usibadilishe mlo ghafla kwa sababu ya makala yangu, ongea na daktari kwanza, sukari ikishuka sana nayo inaangusha mtu.

Kwahiyo dada, anza na kisosa. Mwaga vijiko vyote, vitazame.

Mimi kipimo cha mwisho kilisoma 5.5. Nikakipiga picha nikamtumia yule daktari. Kasoma, hajajibu.