Barua kwa mwanangu: mpeleka oda akiuawa kwenye maandamano

Mwanangu Salim,

Salamu nyingi, na ndugu zako wanakusalimu. Umeniuliza vipi dereva wa ojol (pikipiki za kuitwa kwa simu) wa Jakarta, Indonesia, aliyekanyagwa na gari la deraya la polisi usiku wa Agosti 28, 2025, wahusika wake walijulikana upesi vile, na hapo Nairobi kijana anapigwa risasi mchana kweupe, mwaka unapita, na aliyefyatua hana jina. Tena ukauliza nyinyi wapeleka oda mfanye nini likimfika mwenzenu.

Jakarta kwanza. Kijana yule alikuwa na miaka 21. Watu walikuwa barabarani tangu Agosti 25 kwa hasira ya posho ya nyumba ya wabunge, rupia milioni 50 kwa mwezi, karibu mara kumi ya kima cha chini cha mshahara wa mji ule. Gari la Brimob, kikosi maalumu cha polisi, lilimpitia pale mtaa wa Pejompongan likashika njia yake, na simu za watu zikirekodi. Gari halifichiki kama risasi: lina namba, lina kikosi, na waliopangiwa kulipanda wanajulikana. Basi askari saba wakashikwa, na kesho yake madereva wenzake kwa maelfu wakamsindikiza hadi makaburini Karet Bivak. Septemba 3 kamanda aliyekuwa ndani ya gari alifukuzwa kazi. Aliyeliendesha gari naye akateremshwa cheo. Lakini usihadaike na kasi ile. Hizo ni adhabu za nidhamu, za polisi kwa polisi. Kufukuzwa kazi si kuhukumiwa kwa kuua.

Kwetu Kenya sheria ipo. Jedwali la 6 la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka mkubwa wa askari aliyesababisha kifo aripoti mara moja kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, eneo lilindwe na jamaa wajulishwe. Na linasema amri ya mkubwa si kisingizio. Panapokwama ni kumtambua mtu: uso umefunikwa, nguo za kiraia, gari lenye namba za kiraia. Yule mchuuzi wa barakoa aliyepigwa risasi ya kichwa mjini Juni 17, 2025 alipatiwa mshtakiwa kwa kuwa kamera zilikuwa karibu.

Sasa nyinyi. Akiwa bado anapumua, hospitali kwanza, mengine baadaye. Ila anayempeleka achunge ulimi pale mapokezi. Ukisema "amepata ajali", litaandikwa hilo, na gari la polisi lililomgonga linageuka faili la trafiki. Sema "amepigwa risasi" au "amegongwa na gari la polisi", taja mahali na saa, na uhakikishe daktari ameandika hivyo.

Nguo zake zitakatwa kwa mkasi na kutupwa msipoziomba. Ziombeni, pamoja na helmeti na koti la kuakisi mwanga. Msifue. Zianikwe kivulini zikauke, kila moja itiwe kwenye mfuko wake wa karatasi, kwani ndani ya plastiki damu huvunda. Juu ya mfuko andikeni nani alipokea, kwa nani, tarehe na saa ngapi, na hivyo hivyo kila unapohama mkono.

Video ndizo zinazoharibiwa zaidi, tena na watu wenye nia njema. Ukiituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa, na taarifa za saa na mahali iliporekodiwa hupotea. Itumeni kama faili, au inakiliwe kwa waya, na simu iliyorekodi isifutwe kitu. Pia chukueni jina na namba ya aliyerekodi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kilichotiwa saini kwa ushahidi wa kielektroniki. Klipu isiyo na mwenyewe ina kazi kusimama mahakamani.

Halafu kuna jambo lenu mahususi: oda yenyewe. Simu ya marehemu msiifungue wala kuondoka kwenye akaunti. Wakili aiandikie kampuni ihifadhi rekodi ya safari kabla akaunti haijafungwa. Mteja ambaye chakula hakikumfikia naye ana oda ile kwenye simu yake, na mkahawa una risiti yenye saa. Rekodi hiyo itawafaa hata kwa bima, maana kampuni nyingine hulipa tu ikiwa oda ilikuwa hai, na kwenye mkataba nyinyi ni "washirika", si waajiriwa. Lakini msijenge kesi nzima juu ya "hakuwa akiandamana". Kifungu cha 37 cha Katiba kinamruhusu kuandamana kwa amani bila silaha, na risasi haihalalishwi na bango.

Kituoni daini namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Wakikataa kuandika, nendeni IPOA moja kwa moja, hakuna ada.

Juu ya maziko, najua kwetu maiti haikai. Hata hivyo subirini upasuaji, na daktari aliyechaguliwa na familia awepo; shirika la IMLU la madaktari na wanasheria husaidia kumpata. Kabla ya kisu ombeni eksirei ya mwili mzima, ili kipande cha risasi kisiachwe ndani. Kikitolewa, kiandikwe amekabidhiwa nani. Bila risasi hiyo, daftari la bunduki la kituo, linaloonyesha nani alichukua ipi asubuhi ile, halina cha kulinganishwa nacho. Mwalimu aliyefia kituo cha Central Juni 2025, polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Ni upasuaji uliowakanusha.

IPOA huchunguza na kupendekeza, ila anayeshtaki ni DPP, mkurugenzi wa mashtaka ya umma. Ushahidi ukipungua, jambo huenda kwa hakimu kuchunguza kifo, na huko ni miezi na miezi.

Na pikipiki. Ikiwa ya mkopo, mkopeshaji ana kifaa cha kuifuatilia na anaweza kuja kuichukua hata kabla ya matanga kuisha. Ipigeni picha pande zote, na gurudumu, na kila mkwaruzo wenye rangi ya gari jingine, na mumwandikie kwamba ni kielelezo isiguswe hadi wachunguzi waione. Rekodi ya kifaa hicho nayo aihifadhi.

Mamako