SWALI: Naenda Umra na Uturuki na shangazi, mama hataki halafu nina deni la kikoba, nifanyeje?

Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni kijana nipo Makambako nafanya biashara ya viazi. Shangazi yangu wa Iringa, dada wa marehemu baba, ni mjane, ameuza shamba lake la miti kule Mafinga na anataka twende wote Umra, tukitoka hapo tupitie Uturuki tukatembee kama wiki hivi, na amesema ananilipia kila kitu kwa sababu peke yake hawezi. Wote wawili hatujawahi kupanda ndege. Mama anasema Umra sawa ila hiyo Uturuki ya nini, na ukweli ni kwamba yeye na shangazi hawana maelewano siku nyingi. Pia nina mkopo wa kikoba sijamaliza. Je kutalii hakuharibu Umra yangu? Na kwenye ndege tunasalije, na tujiandaeje?

JIBU:

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kijana wangu, swali lako nimelisoma nikaona mambo ya ndege na sala umeyaweka pamoja na mama na deni kana kwamba yote yana uzito mmoja, hapana, hayana. Sala ya kwenye ndege nakufundisha hapa hapa unaelewa, ila mama na deni ni haki za watu na safari yako inaanzia hapo, kabla hujaulizia tiketi wala hujaenda Uhamiaji kuomba paspoti.

Nianze na mama. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, Umra ni faradhi mara moja katika maisha kwa mwenye uwezo. Sasa wewe hujawahi kwenda, uwezo umeupata kwa mkono wa shangazi, kwa hiyo kwenye Umra mama hana sababu ya kukuzuia na mwenyewe ameshakwambia sawa, alhamdulillah. Uturuki ni kitu kingine. Kutembea ni halali, Allah anasema kwenye Suratul Ankabut aya ya 20 tembeeni katika ardhi mtazame jinsi alivyoanzisha kuumba, lakini halali siyo faradhi, na jambo ambalo si faradhi ridhaa ya mama inatangulia. Kuna mtu alikuja kwa Mtume (s.a.w) kumpa ahadi ya kuhama akasema nimewaacha wazazi wangu wanalia, Mtume akamwambia rudi ukawachekeshe kama ulivyowaliza. Hiyo ni hijra jamani, sisi tunaongelea matembezi ya wiki moja!

Ila nakwambia kitu kimoja, usiende kwa mama na hiyo hadithi wala na fatwa yangu mkononi. Nenda umsikilize. Mama akisema Uturuki ya nini, mara nyingi kuna jambo jingine chini yake, anaogopa ndege, au anawaza wiki zote hizo nani atamletea maji na unga, au anaumia kuona wifi yake ndiye anayempeleka mwanae mbali na yeye ameachwa nje, hata kuulizwa hakuulizwa. Na kwa maelezo yako mimi naona hili la mwisho ndilo. Kwa hiyo fanya hivi, shangazi ashuke Makambako kabla ya kulipia chochote, aje nyumbani kwenu, akae na wifi yake aseme mwenyewe kwa mdomo wake naomba mtoto wetu anisindikize. Wewe usiwe mjumbe katikati. Kama kuna maneno ya zamani wasameheane hapo hapo, maana mtu unaenda kusimama mbele ya Kaaba kuomba maghufira huku nyuma umeacha mawifi wawili hawasalimiani kwa ajili yako, hapana mwanangu. Na Umra ikishaisha mama bado ana donge na Uturuki, rudini nyumbani, Uturuki haiendi popote.

Mnamsikia Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika mpaka Kilwa hapa kwetu mwaka 1331 akausifia mji ule kwa uzuri. Alitoka kwao Tangier mwaka 1325 ana miaka 21, nia yake Hija, wazazi wote hai, na mwenyewe anasimulia jinsi kuachana nao kulivyomuuma. Hija aliipata na dunia aliizunguka, lakini habari za baba yake alikuja kuzisikia Damascus, mzee ameshafariki miaka 15 nyuma, na mama naye akafariki kwa tauni kabla mtoto hajafika mlangoni. Simsemi vibaya, Allah amrehemu, ila ukiagana na mama agana naye vizuri, na ukifika huko simu zipo, mpigie kila siku.

Haya deni. Mwenye deni ambalo muda wake umefika na mdai hajaridhia, hana ruhusa ya kusafiri mpaka alipe au aruhusiwe. Deni ambalo muda wake bado, anasafiri, ila anaacha mtu na pesa ya kulipia siku ikifika. La kikoba watu wanalichukulia poa, sasa wewe fikiria upo Madina unasalimia kaburi la Mtume, huku Makambako rejesho halijaingia, wanakikoba wamemfuata mdhamini wako dukani kwake wanataka kubeba tivii yake, hapo ibada gani? Kaa na mwenyekiti na mweka hazina, waambie tarehe za safari, lipa marejesho ya muda wote huo mapema au mkabidhi mtu mwaminifu hela mbele ya mdhamini. (Na kama hicho kikoba kinatoza riba, maliza utoke, usirudi tena, hilo tutaliongea siku nyingine.) Halafu vile viazi unavyochukua kwa wakulima mali kauli navyo ni deni, usije ukavisahau kwa sababu havijaandikwa popote.

Vyote viandike kwenye wasia. Mtume (s.a.w) amesema Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa, hiyo akiwa nyumbani kwake, sembuse anayevuka bahari. Chukua karatasi, andika nani anakudai na kiasi gani, unamdai nani, amana za watu ziko wapi, weka mashahidi wawili, nakala moja iache kwa mama. Na shangazi vivyo hivyo, yeye hasa, maana ameuza shamba na pesa ipo.

Kuhusu shangazi kusafiri na wewe hakuna shida kabisa, shangazi ametajwa kwenye Suratun Nisaa aya ya 23 miongoni mwa walio haramu kuwaoa milele, kwa hiyo wewe ni maharimu wake halali na nauli yako kuibeba yeye ni sawa, wala usione aibu. Ila jua umeenda kwa kazi. Wewe ndiye utabeba mabegi, utapanga foleni, utamshika mkono kwenye zile ngazi za umeme ambazo mara ya kwanza mtu mzima anaziogopa, dawa zake za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiende kwenye begi kubwa linaloingia chini ya ndege. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo mchome mapema, Saudia wanataka iwe imepita siku 10 kabla hujafika.

Kutalii hakuharibu Umra, Umra ikishaisha na mmenyoa au kupunguza nywele mmetoka kwenye ihramu, yaani ile hali ya ibada yenye miiko yake, mambo yamekwisha. Hata lile puto kubwa la moto la Cappadocia mkitaka pandeni kama ni salama na hamjakopa kwa ajili yake. Ila mkifika Istanbul mkamzuru Abu Ayyub al-Ansari, yule sahaba aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina, alitoka na jeshi akiwa mzee kabisa akafia kwenye kuta za mji ule akazikwa hapo. Shangazi akiambiwa na majirani umri umeenda unahangaika nini, amkumbuke huyo.

Sala sasa. Safari ya kama kilomita 80 na zaidi unapunguza, na unaanza ukishatoka nje ya mji, basi likiwa bado stendi Makambako hujawa msafiri. Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili, unakusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Alfajiri haikusanywi na chochote, hiyo ndiyo inayowapata watu angani. Ikiingia mkiwa ndani ya ndege, tieni udhu kwa maji kidogo ya chupa, msimwagie choo chote maji, kisha waombe wahudumu nafasi pale nyuma msimame muelekee kibla. Wakikataa salini mmekaa kwenye viti kwa heshima ya wakati, mkishuka mrudie. Makka mkinuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, mnasali kamili kama wenyeji, na popote mkisali nyuma ya imamu mwenyeji mnakamilisha naye. Waturuki wengi ni wa madhehebu ya Hanafi, hesabu yao ni siku 15, msibishane nao.

Ihramu wewe vaa shuka zako mbili mapema, hata uwanja wa ndege kabla ya kuondoka, nia mtaiweka ndege ikikaribia mikati, yaani mpaka ambao mwenye kwenda Umra havuki bila ihramu, huwa wanatangaza. Shangazi nguo zake za kawaida za stara zinatosha, asifunike uso wala asivae glavu.

Ukishamaliza na mama na wanakikoba niandikie tena, nikutumie dua za tawafu na sai kwa herufi za Kiswahili mzisome na shangazi taratibu kabla ya safari. Wallahu aalam.