Figo ugonjwa wa matajiri? Njoo Kigoma uone

Mkuu umeuliza inakuwaje mtu wa mjini asiye na hela hata ya nyama anaugua figo, wakati kila siku tunaambiwa ni nyama choma na bia. Nimemuuguza shemeji yangu hapa Kigoma, ntakujibu kwa nilichokiona.

Jamaa ni fundi ujenzi, anakaa Mwanga. Chakula chao ugali wa muhogo na dagaa, na hapa ndo watu wengi hawaelewi, mboga ikiwa kidogo lazima chumvi iwe kali ndo isukume tonge, sasa kafungu kamoja ka dagaa kakiliwa na familia nzima unadhani watashushia na nini? WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kama kijiko kimoja cha chai hivi. Sahani ya shemeji ilikuwa inakaribia hapo mchana tu.

Presha ikapanda, akapewa dawa, akijisikia nafuu anaacha maana hela ya dawa ndo hiyohiyo ya unga. Mgongo ukimuuma anapita duka la dawa anachukua diklofenaki, miaka na miaka. Presha na sukari ndo vinara wa kuua figo, na hizo za maumivu ukizizoea zinamalizia kazi.

Kuna utafiti wa Baltimore, Marekani, ulitoka 2015, walikuta mlo mbovu unaendana na ugonjwa wa figo kwa maskini ila kwa wenye nafuu haikuonekana hivyo. Mi sishangai, mwenye hela anakula hovyo lakini presha inapimwa na dawa haikatiki.

Kichekesho kinakuja ukishaanza kusafishwa damu (kawaida mara tatu kwa wiki, kama masaa manne kila mara), unaambiwa punguza maharage, ndizi, nyanya, sababu ya potasiamu, madini ambayo figo mbovu zinashindwa kuyatoa mwilini. Sasa maskini abaki na nini? Tulifundishwa viazi na ndizi kuchemsha kwa maji mengi halafu yale maji unamwaga, inapunguza. Ila kama figo zako ziko salama usijinyime hivyo vitu bure.

Wewe nenda kapime presha, sukari, protini kwenye mkojo na kreatinini (taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinachuja vipi), usisubiri kuvimba miguu maana dalili zinachelewa sana. Na hiyo mizizi ya kusafisha figo unayouziwa sokoni achana nayo, mingine yenyewe ndo inaziua.