Nautafuta wimbo uliokatizwa na saa ya taarifa ya habari

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nilipokuwa na miaka kama minane, kati ya 1971 na 1973, niliona bendi moja kwenye televisheni yetu isiyo ya rangi, na mpaka leo haijanitoka. Mwanamke alikuwa akipiga gitaa la besi huku anashuka ngazi, na nyuma yake kulikuwa na duara kubwa jeupe. Wimbo haujaisha, ikatokea picha ya saa, taarifa ya habari ikaanza. Jina la bendi silijui, maneno nimeyasahau, ila kiitikio bado naweza kukiimba kwa sauti tu. Mtandaoni nimetafuta miaka mingi. Je, ipo njia, au picha hizo zilishapotea?

JIBU: Njia ipo. Tena katika barua yako yamo mambo mawili ninayoyathamini kuliko jina la bendi, nayo umeyapitia haraka: ngazi na saa.

Tuanze na ngazi. Miaka hiyo gitaa la umeme lilichomekwa kwa waya kwenye ampilifaya, na vifaa visivyo na waya havikuwa vya kawaida. Mtu akishuka ngazi na besi mkononi, na hakuna waya unaoburutwa nyuma yake, basi mbele ya kamera hapigi kitu. Hiyo ni plebeki: santuri inachezwa studio, wanamuziki wanaigiza. Kumbuka vizuri kama uliona waya. Kama hukuuona, sauti uliyoisikia kuna uwezekano mkubwa ni ileile iliyokuwa kwenye santuri, na santuri hutafutika kwa urahisi kuliko kipindi cha televisheni. Kwa hiyo tafuta wimbo kwanza, picha baadaye. Tangu 2020 Google inakubali kutafuta kwa sauti ya mtu: unaimba kiitikio bila maneno kwa sekunde kumi hadi kumi na tano, nayo inalinganisha mpando na mshuko wa sauti yako na nyimbo inazozijua. Usijali kama unaimba juu au chini kuliko wimbo wenyewe. Rudia mara kadhaa, na kila mara badilisha kidogo mwendo. Ikishindikana, jirekodi, kisha wapelekee wakusanyaji wa santuri za zamani. Masikio ya watu hao yamenitoa kwenye kazi nyingi zilizokwama.

Sasa saa, na hapa ndipo nadhani umekuwa ukipotea. Wimbo unaokatizwa na saa ya taarifa ya habari mara nyingi haukuwa sehemu ya kipindi cha muziki. Kipindi kilichotangulia kiliisha mapema, zikabaki dakika tatu au nne, na fundi wa zamu akaweka filamu fupi ya muziki kuziba pengo. Kijazio cha namna hiyo hakikuandikwa kwenye ratiba ya magazeti, kwa sababu hata kituo chenyewe asubuhi yake hakikujua kama kitahitajika. Ukiandikia hifadhi ya kituo na kuuliza kipindi cha muziki, watakutafutia vipindi vya muziki, na watakujibu kwa uaminifu kwamba hakuna.

Uliza vijazio. Uliza pia daftari la matangazo, lile ambalo watu wa zamu waliandika kila kilichorushwa na dakika yake. Na uliza fomu za mrabaha: vituo vingi viliwajibika kuvitaarifu vyama vya hakimiliki nyimbo zilizotumika ili watunzi walipwe. Nimewahi kukuta picha hazipo, mkanda haupo, lakini jina la mtunzi na la wimbo limekaa salama kwenye karatasi ya malipo.

Ila daftari halitakusaidia bila tarehe, na miaka mitatu ni mingi mno. Basi jiulize: baada ya ile saa, taarifa ya habari ilisema nini? Habari moja tu unayoikumbuka, ajali, uchaguzi, mechi, inaweza kutupa wiki yenyewe. Mlikuwa mnaishi nyumba gani? Nani alikaa nawe sebuleni? Ukishapata mwezi, nenda maktaba ukafungue magazeti ya zamani kwenye ukurasa wa vipindi, uone taarifa ya habari ilikuwa saa ngapi na ilitanguliwa na nini. Kwa Uingereza kazi hii imerahisishwa, maana BBC imeweka mtandaoni ratiba za Radio Times, jarida lake la vipindi, za 1923 hadi 2009.

Yaandike haya yote kwa mkono kabla hujatazama video nyingine hata moja. Nasisitiza kwa sababu kumbukumbu hujazwa na vitu tunavyoviona baadaye. Nilimsaidia mzee mmoja aliyenihakikishia kwamba mwimbaji wake alivaa gauni jekundu. Televisheni yao haikuwa ya rangi. Wekundu ule aliutoa kwenye jalada la santuri aliyoinunua miaka kumi baadaye, na kwa ajili yake alikuwa amekataa picha sahihi mara mbili. Vivyo hivyo kwako: seti yenu haikuonyesha rangi, lakini filamu yenyewe huenda ilikuwa ya rangi. Usiikatae kwa sababu hiyo.

Kuhusu kupotea, hofu yako ina msingi. Mikanda ya video ya inchi mbili, iliyoanza na mashine ya Ampex mwaka 1956, ilikuwa ghali, na vituo vilifuta na kurekodi upya juu yake. Top of the Pops, kipindi cha muziki cha BBC, ilianza 1 Januari 1964, na vipindi vyake vingi vya miaka ile ya mwanzo havipo tena. Lakini David Bowie alipiga humo “The Jean Genie” Januari 1973, mkanda wa BBC ukafutwa, na mwaka 2011 ikajulikana kwamba mpiga kamera John Henshall alikuwa amejiwekea nakala yake miaka yote hiyo. Kwako kuna nafuu zaidi: kijazio kilitakiwa kurushwa tena na tena, hivyo mara nyingi kilikuwa kwenye filamu, na filamu haifutiki kama mkanda. Aghalabu kampuni za santuri zilisambaza nakala za filamu ileile kwa vituo vya nchi mbalimbali. Yako ikikosekana nyumbani, huenda imelala kwenye kopo huko Hilversum, kwenye hifadhi ya taifa ya Uholanzi ya picha na sauti, au kwenye INA, hifadhi kama hiyo ya Ufaransa, imeandikwa jina la bendi kwa tahajia mbovu.

Kwa hiyo barua yako kwa hifadhi iwe fupi: “Natafuta filamu ya muziki iliyotumika kama kijazio kabla ya taarifa ya habari, kati ya mwezi fulani na fulani. Mwanamke mwenye gitaa la besi anashuka ngazi, nyuma kuna duara jeupe.” Usiwaandikie jina la bendi unalolikisia, maana watatafuta jina hilo tu, wakilikosa watafunga jalada.