Pesa ya leo: nilivyoanza na 6,500 chumbani Tandika, Dar es Salaam

Mwanzoni mwa 2023 nilikuwa na shilingi 6,500, unga nusu kilo, na chumba ambacho kodi yake ilikuwa imebakiza wiki tano. Ghala nililokuwa natunza stoo lilikuwa limefungwa, tukaambiwa turudi nyumbani, tutapigiwa simu. Miezi miwili nilikaa nikiisubiri simu hiyo. Kila Jumapili napiga pasi blauzi ya usaili, ikifika Jumatano naikunja nairudisha sandukuni. Naandika kwa ajili yako wewe uliyeamka leo ukapiga hesabu, ukaona ulichonacho hakifiki Ijumaa.

Kilichonichelewesha ni kwamba nilikuwa natafuta kazi, wakati kilichonibana ni njaa ya siku ile. Ni mambo mawili. Kazi ya mshahara inaiva taratibu: maombi, usaili, wadhamini, barua ya serikali ya mtaa, kisha ufanye mwezi mzima ndipo uone pesa. Pesa ya leo ina njia zake, na ukizifuata hakuna anayekuzuia kuendelea kuomba kazi. Siku nilipoyatenganisha hayo kichwani, nilitoka nje ya geti saa kumi na mbili asubuhi bila bahasha ya vyeti mkononi.

Nilianza na kufua. Nilitembea kwa miguu hadi Chang'ombe, kwenye ghorofa moja la wapangaji, nikamsalimia mlinzi na kumwuliza kama kuna mtu anahitaji mfuaji. Mlinzi ndiye mtu wa kumwuliza, ndugu yangu. Anajua nani anaishi peke yake, nani anarudi usiku, nani ana nguo za wiki mbili kwenye beseni. Akaniambia, "Dada, subiri hapo, wapo vijana wawili wa juu." Nilifua, nikaanika, jioni nikarudi kuanua na kupiga pasi. Nikapata 8,000 mkononi. Nilinunua mchele robo tatu, dagaa na mafuta ya kupima, nikaficha 4,000 chini ya godoro.

Kabla hujachovya nguo ya mtu majini, taja bei na useme malipo ni leo leo. Hili nalisisitiza kwa sababu liliniumiza. Wiki iliyofuata nilichukua kibarua cha usafi kwenye nyumba iliyokuwa imetoka kupakwa rangi. Siku tatu nilipiga magoti nikikwangua matone ya rangi kwenye vigae kwa wembe, kigae kimoja baada ya kingine, vidole vimechanika. Bei hatukuipanga, nikaona aibu kuuliza, nikasema wataona wenyewe kazi yangu. Mwenye nyumba akaniambia, "Nitakurushia jioni." Sijarushiwa mpaka leo. Ukiona aibu kutaja pesa asubuhi, jioni utalala na njaa.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa kwenye hali kama yangu, yeye akaenda saidia fundi. Ukitaka kuingia huko, usiende tu na kusema unatafuta kazi. Uliza ni lini wanamwaga zege. Siku ya zege fundi anahitaji watu wengi kwa mpigo, kwa kuwa zege likishachanganywa halisubiri, na wanaobeba karai hulipwa siku hiyo hiyo. Alifika saa kumi na mbili na nusu akiwa na raba nzito na chepe la kuazima, akapata nafasi mbele ya wenzake waliokuja mikono mitupu. Kazi ile inachosha mwili kweli. Kula kwanza, hata kama ni chai na mhogo, maana ukianguka kwenye ngazi na karai kichwani gharama yake ni kubwa kuliko ujira.

Jirani yangu mmoja alikimbilia soko la samaki la Feri. Samaki wakishanunuliwa mnadani, wengi wa wanunuzi hawana muda wa kuwapaa, hivyo wapo vijana wanaoishi kwa kisu chao: anatoa magamba, anatumbua, anaosha, analipwa kwa kila ndoo au kwa kila samaki. Ila pale, kama kwenye masoko ya jumla ya Mabibo na Temeke Stereo malori yanaposhusha, kazi ina wenyewe. Makuli wana safu yao na msimamizi wao. Ukijitosa kubeba gunia bila kuuliza utafukuzwa, na wana haki, maana ndiyo riziki yao ya miaka. Mtafute msimamizi, jitambulishe, ukubali kuanza na siku ambazo watu wamepungua.

Mimi kilichoniinua ni mitumba ya Karume, na hapa nataka nikae kidogo.

Soko lile liliungua Januari 2022, watu walipoteza mali zote usiku mmoja, lakini lilisimama tena. Nilifika alfajiri nikiwa na 9,000. Wenye mzigo wanakata mikanda ya balo kwa kisu, nguo zinafumuka, ile harufu ya dawa ya mitumba inakupiga usoni, na wazoefu wanajaa mbele kuchagua. Chaguo la kwanza ni ghali. Sikuwa na pesa ya kushindana nao. Nilisimama pembeni mpaka wimbi la kwanza lilipopita na bei kushuka, nikaanza kupekua taratibu. Nilijifunza kutazama kwapa kwanza, kisha kola, kisha zipu na vifungo, halafu naiinua nguo kwenye mwanga nione kama ina matundu. Nguo nzuri yenye kifungo kilichong'oka wengi huiacha, na kifungo ni shilingi chache tu. Nilitoka na blauzi nne za kuvaa ofisini, kila moja 2,000.

Nyumbani nilizifua kwa mkono, doa la kutu nikalipaka limau na chumvi nikaanika juani, nikashona kifungo, nikapiga pasi ya mkaa hadi zikasimama. Kesho yake niliziweka kwenye mfuko safi nikaenda kusimama karibu na zahanati moja zamu zinapobadilishana. Blauzi ile ile uliyoiona imekunjamana chini sokoni, ikinyooka hivyo watu wanaitazama kwa jicho jingine. Niliziuza 5,000 kila moja kwa siku mbili. Ukitoa 8,000 za kununulia na 2,500 za sabuni, mkaa na nauli, nilibaki na 9,500. Pesa ile nilihesabu mara tatu.

Mama niliyekuwa nikinunua kwake alianza kunizoea. Wiki ya tatu nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, leo huna pesa, nakuona unashika nguo unaachia." Nikamwambia ukweli: za mtaji nilikuwa nimelipia umeme na dawa. Akanihesabia blauzi kumi, kila moja 2,500, mali kauli, yaani kwa ahadi ya mdomo ya kulipa baadaye. "Nenda nazo. Alhamisi uniletee changu." Deni la 25,000, bila karatasi wala mdhamini.

Hadi Jumatano jioni nilikuwa nimeuza sita, yaani 30,000. Nilivyokuwa na njaa ya pesa, kishawishi kilikuwa kikubwa: nimpe nusu, nyingine ninunue unga na kupunguza deni dukani. Alhamisi alfajiri nilimpelekea 25,000 yote. Nikabaki na 5,000 na blauzi nne zangu mwenyewe. Mama yule hakusema kitu, alizihesabu akazifunga kwenye kitambaa chake. Wiki iliyofuata alinipa ishirini, na akaniitia mwenzake wa sketi.

Kwa mtu asiye na mtaji, naamini kwa dhati hakuna mlango mpana kuliko mali kauli. Mwenye mali anataka mzigo utoke, wewe unataka kitu cha kuuza. Kinachokosekana katikati ni kuaminika tu. Basi kama hukuuza, siku ya ahadi ikifika rudi na nguo zake, simama mbele yake umweleze. Usizime simu. Nimewaona watu wenye ulimi mzuri wa kuuza kuliko mimi wakifungiwa soko zima kwa deni la 12,000, kwa sababu walizima simu siku mbili.

Kariakoo kuna njia ya jirani na hiyo, uwinga. Winga anajua duka gani la Mtaa wa Kongo lina madera, duka gani Aggrey lina simu na vifaa vyake. Anamleta mteja au anampigia picha mzigo, anaongeza cha juu chake, mwenye duka anauza. Mtaji ni miguu na bando. Niliufanya kwa ndugu zangu wa Songea: wananitajia wanachotaka, nazunguka, natuma picha na bei, wakilipa napeleka mzigo stendi ya Magufuli pale Mbezi. Omba ruhusa ya mwenye duka kabla ya kupiga picha, dai risiti, na pesa ya mteja uihesabu kuwa si yako hadi akuambie mzigo umefika. Cha juu kiwe cha kiasi. Ukimpiga bei mtu wa mkoani mara moja, ukoo mzima umeupoteza.

Sasa mabaya, maana niliyapitia. Kabla ya kuanza kufua nilikopa 50,000 kwenye programu moja ya simu. Wiki haijaisha wakaanza kuwatumia ujumbe watu waliomo kwenye simu yangu, pamoja na mchungaji wetu na mwalimu wangu wa sekondari, wakiniita tapeli. Nililia siku mbili. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifungia programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Wengine tulikuwa tumeshaaibika. Mikopo ya kausha damu ya mtaani nayo ni hivyo hivyo: unakopa ule, kisha unafanya kazi umlishe aliyekukopesha. Mtu asiye na kipato asikope kwa riba. Kopa mali kwa anayekujua.

Anayekutaka ulipe "fomu" au "sare" ndipo akupe ajira, mwache hapo hapo. Sekretarieti ya Ajira haimtozi mtu kuomba kazi ya serikali. Na mikeka ya kubeti, ndugu yangu, ni halali kisheria lakini si kipato. 1,000 ya mkeka ni nauli yako ya kesho kwenda Karume.

Ukitembeza bidhaa, tembea. Tangu wamachinga walipoondolewa pembezoni mwa barabara mwaka 2021, kutandika chini mahali pasiporuhusiwa ni kucheza na mtaji. Mzigo wa 8,000 ukichukuliwa, umerudi sifuri. Na kama unataka kuuza chakula, nenda ukapime afya kwanza, maana afisa afya ataulizia cheti.

Wengi huniuliza kuhusu mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Ni nzuri, ifuatilieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Lakini inataka kikundi kilichosajiliwa, na akaunti, na andiko, na subira. Haitakulisha wiki hii. Mimi na wenzangu wanne tulianza kuishughulikia wakati tayari tuna biashara ya kuonyesha, na hapo maswali yalikuwa mepesi.

Kuhusu kutunza pesa: kila jioni nilikuwa naandika kwenye daftari la kurasa 40 mambo matatu tu: ya mtaji, ya deni, ya kula. Ya mtaji naiweka kwenye kibubu, naila tu nikiwa mgonjwa. Baada ya mwezi niliingia mchezo wa akina mama wa sokoni wa kupeana pesa kwa zamu, 2,000 kwa siku, kijumbe ni yule yule mama wa blauzi. Zamu yangu ilipofika nililipa kodi ya miezi mitatu.

Na aibu, naijua. Siku moja nikiwa na mfuko wa nguo begani nilikutana uso kwa uso na aliyekuwa bosi wangu wa stoo, pale kituo cha mwendokasi Gerezani. Moyo ulinienda mbio. Nikamsalimia, nikamwonyesha blauzi. Alimnunulia mkewe mbili, akachukua namba yangu.

Kama una 5,000 tu kesho, toa nauli kwanza uiweke kando, kwenda na kurudi. Kwa inayobaki usinunue nguo nne mbaya, nunua moja au mbili nzuri za saizi ya watu unaowajua. Nenda na chupa ya maji, na sindano yenye uzi mweupe na mweusi, ili kifungo ukishone hapo hapo kabla hujaondoka sokoni.