Maswali ya Wasomaji: Jua, Volkano au Sisi?

Swali: Mhariri, wanasayansi wenyewe wanasema dunia ilipitia enzi za barafu na enzi za joto kabla hakujawa na gari wala kiwanda. Sasa mnajuaje kwamba safari hii ni binadamu na si jua?

Jibu: Ni kweli tabianchi imewahi kubadilika yenyewe, tena mara nyingi, na hatuna sababu ya kulificha hilo. Ila kila chanzo cha joto huacha alama yake, na alama hizo zinapimika.

Nguvu ya mwanga wa jua inapimwa kwa setilaiti tangu mwaka 1978. Hupanda na kushuka kwa takriban asilimia 0.1 katika mzunguko wa miaka 11 hivi. Katika kipindi chote hicho haijaongezeka, ilhali dunia imezidi kupata joto. Tena, kama jua ndilo lingekuwa linatuchoma, angahewa ingepata joto chini na juu. Vipimo vinaonyesha tabaka la chini, tunamoishi, linapata joto huku stratosfia iliyo juu yake ikipoa. Kupungua kwa ozoni, gesi ya huko juu inayonyonya miale ya jua, kumechangia kupoa huko, lakini hakutoshi kukueleza kote. Hewa ukaa, gesi itokayo tunapochoma mafuta na makaa ya mawe, ndiyo yenye tabia hiyo: huku chini huzuia joto lisitoke, na kule juu hulisaidia kupotelea angani.

Enzi za barafu nazo zilifuata mabadiliko ya mzingo wa dunia na mwinamo wa mhimili wake, yanayojirudia kila baada ya miaka 23,000, 41,000 na 100,000 hivi. Ni mwendo wa polepole mno. Enzi ya mwisho ilipokwisha, hewa ukaa iliongezeka kwa takriban sehemu 80 katika kila sehemu milioni za hewa, na ilichukua maelfu ya miaka. Tangu vipimo vya hewa vya kituo cha Mauna Loa, Hawaii, vianze mwaka 1958, imeongezeka kwa zaidi ya 100: kutoka kama 315 hadi kupita 420. Kabla ya viwanda ilikuwa 280 hivi.

Swali: Hiyo hewa ukaa si ya volkano au bahari?

Jibu: Volkano zote kwa pamoja hutoa chini ya asilimia 1 ya ile tunayotoa sisi kwa mwaka. Bahari haitoi ziada hiyo. Inaimeza, takriban robo ya tunachotoa, na maji yake yanazidi kuwa na asidi.

Ushahidi mzito umo ndani ya kaboni yenyewe. Kaboni-14, aina adimu ya kaboni, huoza, yaani hugeuka elementi nyingine, nusu yake ikiisha kila baada ya miaka 5,730 hivi. Makaa ya mawe na mafuta yamelala ardhini mamilioni ya miaka, hivyo hayana hata chembe yake. Tukiyachoma, sehemu ya kaboni-14 hewani inapungua, na upungufu huo unasomeka katika pete za miti. (Husomwa kwa uangalifu, kwani majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliiongeza kwa wingi.) Volkano nazo hazina kaboni-14, ndiyo maana hutazamwa pia kaboni-13, aina nyingine ya kaboni isiyooza. Mimea huipokea kwa uchache, na mafuta asili yake ni viumbe vya kale vilivyojilisha kwa mwanga wa jua. Sehemu ya kaboni-13 hewani nayo inashuka, jambo ambalo volkano haziwezi kulisababisha. Na oksijeni inapungua kidogo kidogo, kama inavyotarajiwa pale kitu kinapochomwa.

Swali: Lita ya petroli haifiki kilo moja. Itatoaje zaidi ya kilo mbili za hewa ukaa?

Jibu: Uzito wa ziada unatoka hewani. Lita hiyo ina kaboni ya kama kilo 0.63. Kila atomi ya kaboni, yenye uzito wa 12, hunasa atomi mbili za oksijeni zenye 16 kila moja, jumla 44. Zidisha 0.63 kwa 44, gawanya kwa 12: unapata kilo 2.3. Kwa dizeli, kadiria kilo 2.7 kwa lita.

Unapolinganisha takwimu, angalia kwanza kama ni tani za kaboni au tani za hewa ukaa. Tofauti ni mara 3.67, na mabishano mengi huzuka hapo.